Pamba Ilale Kwanza

Pamba ikifika kwetu haipimwi siku hiyo hiyo. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa nilipoingia maabara, na ndilo la kwanza ninalomfundisha kila msichana mgeni, nikimpiga kofi la mkono akigusa sampuli kabla ya wakati wake. Pamba imetoka safari. Imebeba ukavu wa huko ilikotoka, au mvua iliyoinyeshea njiani, au mvuke waliouongezea wauzaji wenyewe ili robota, lile bunda kubwa la pamba, lishindiliwe vizuri. Pamba yenye unyevu hujidai: huonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Kwa hiyo tunaitandaza kwenye trei za waya, ndani ya chumba ambacho joto na unyevu wake havibadiliki kiangazi wala masika, inalala humo hadi kesho yake, inazoea hewa yetu, ndipo tunaiuliza wewe ni nani.

Mimi ni Deivanai. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha kusokota nyuzi hapa Kovai, kusini mwa India, na alipofariki kiwanda kikanipa kazi ya kufuta vumbi maabara. Nilifuta vumbi huku macho yangu yako kwenye mashine ya kupimia, mpaka siku moja mpimaji alipougua nikajikuta nimekaa kwenye kiti chake. Sikuinuka tena. Watu husema nina mdomo. Ninao, na sijawahi kuukodisha kwa mtu.

Mashine yenyewe ni kubwa kama kabati la nguo la bibi harusi. Unaipa kishada cha pamba, inakishika kwa meno, inakichana kama mama anavyomchana mtoto anayekwenda shule, inakipitisha mbele ya taa ijue urefu wa nyuzi, halafu taya mbili zinakivuta mpaka kikatike. Hapo ndipo inapojua nguvu ya nyuzi. Pembeni kuna tundu la kupulizia hewa ijue wembamba, na kioo ambacho juu yake inatazama weupe na kuhesabu takataka. Muda mfupi tu, namba zimetoka.

Mashine ya namna hiyo ilikuwapo pia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichokuwa kikituuzia, huko Yavatmal, mbali kaskazini, wanakosema Kimarathi. Wao walipima kabla ya kutuma, sisi tulipima tukipokea. Namba zikilingana hakuna neno, marobota yanakwenda kusokotwa. Zikitofautiana kupita kiasi kinachovumilika, mpimaji wa kwetu anampigia simu mpimaji wa kwao waulizane. Mpimaji wa kwao yeye haruhusiwi kutupigia. Bwana Rangasamy, mkuu wa maabara yetu, alikuwa akisema muuzaji akizoeana na mpimaji, pamba yote inageuka kuwa ya daraja la kwanza.

Na simu ilikuwa na kufuli. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa za wenye magari, na ile ya mezani pale maabara ilikuwa imetiwa kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia namba. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa shati la Bwana Rangasamy, karibu na moyo wake. Ukienda kuuomba aliuliza neno moja tu: "Zimetofautiana?" Ukisema ndiyo, anakupa.

Namba za Yavatmal zilitofautiana na zetu karibu kila shehena. Na mpimaji wa Yavatmal alikuwa Sudalaimuthu, ambaye nilikuja kumwita Muthu.

Nakumbuka simu ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kihindi changu kibovu, nimekikariri usiku kucha. Akapokea mtu nisiyemwelewa, nikataja maabara, akapiga ukelele, "Madrasi! Simu!" Huko wanatuita hivyo watu wote wa kusini, awe wa Madras au wa wapi. Nikasikia mlio mkubwa wa mashine ya kushindilia robota, halafu viatu, halafu sauti ya mwanamume.

"Nimesimama, sema," alisema kwa Kihindi.

Simu yao ilikuwa imetundikwa ukutani, karibu na mashine, hakuna hata kibao cha kukalia. Kwa Kihindi nikatafuta neno la nguvu ya nyuzi, likanitoroka, nikajilaani kwa Kitamil. Yeye akaguta.

"Mama, wewe Mtamil?"

"Mimi mpimaji. Nguvu yako ishirini na nne, yangu haifiki ishirini na mbili. Ulipima pamba au ulipima kamba ya ng'ombe?"

Kisha akacheka. "Wa Kovai kabisa. Matusi yenye heshima ndani yake ni ya Kovai tu. Hebu nitukane tena, tafadhali. Tangu niende likizo nyumbani sijatukanwa kwa Kitamil."

"Nimekuuliza habari ya nguvu."

"Nitaitazama, mama. Nitaitazama mashine leo leo. Mvua imenyesha huko?"

Nikamwambia mvua haihusiani na kazi, nikakata. Halafu nikakaa nimeshika mkono wa simu, na Kokila akanitazama. Kokila ndiye msichana tunayefanya naye kazi, mwepesi wa mikono na wa ulimi.

"Akka," aliniita, kama wasichana wote wanavyomwita dada mkubwa, "mbona unaitabasamia simu?"

"Kalaze pamba."

Ndivyo ilivyoanza. Shehena ikija, napima, nguvu inatofautiana, naomba ufunguo, napiga. Ugomvi kwanza, kwa sababu ndio tuliolipiwa. Kisha, kabla ya kukata, neno moja la pembeni. Shehena iliyofuata maneno mawili. Nikajua kwamba ni mtu wa Tirunelveli, kusini kabisa, kwamba alisomea upimaji hapa hapa Kovai ujanani, kwamba alikuwa mkubwa mwenye dada wengi nyuma yake, na kama ilivyo kwetu, kaka haoi mpaka dada zake waolewe. Wa mwisho alipoolewa, yeye mvi zilikuwa zimeshaingia na wazee wa kumtafutia mke wameshazikwa. Akabaki Yavatmal na mkate wa mtama.

"Mkate wao si mbaya," aliniambia. "Ila ukila wa jana unaweza kuezekea nyumba."

Siku moja aliniambia kinachomsumbua kuliko yote ni maziwa ya mbegu za pamba. Kwao yanauzwa asubuhi barabarani, ya moto, na sukari guru na tangawizi kavu. "Nimezungukwa na milima ya mbegu, Bi Deivanai. Milima! Wanachambua usiku na mchana, mbegu zinamwagika, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba zinakamulika. Nilijaribu kuzisaga, wakanicheka mpaka wakakaa chini. Wanasema Madrasi anakula chakula cha ng'ombe."

"Uliziloweka?"

"Kuloweka?"

"Basi wana haki ya kukucheka." Nikamfundisha. Aloweke usiku kucha, asage, akamue kwa kitambaa mara tatu, achemshe na unga kidogo wa mchele, akoroge bila kuacha, sukari guru mwisho. Bwana Rangasamy alipita, nikapaza sauti, "Na takataka je? Takataka zimezidi!" Muthu akaelewa, akacheka mpaka akakohoa.

Alipenda pia honi ya kiwanda. Saa tisa na nusu mchana zamu hubadilishwa, honi hulia, na viwanda vya jirani hujibu kimoja baada ya kingine. Mara mbili tatu nilichelewesha simu kwa makusudi mpaka saa hiyo, nikaufungua mlango na kuunyoosha mkono wa simu nje, waya umekazika. Niliurudisha sikioni. Nilisikia ile mashine yake ya kushindilia tu, na pumzi.

Mara nyingine aliuliza kama msimu wa asumini umeanza, kama wanawake wa zamu wanapita na harufu yake. Nikamwambia wanapita. "Na wewe umevaa ya namna gani leo?" aliuliza. Nikamwambia mimi sivai. Wajane kwetu hawavai maua. Muuza maua wa getini alikuwa akimkatia kila mwanamke urefu wa kiganja, na nikipita mimi anainamisha kichwa anatafuta kitu kikapuni. Muthu akasema, "Nisamehe. Sauti yako haisemi hivyo." Nilikaa na maneno hayo mwezi mzima, nikiyatoa na kuyarudisha.

Niseme wazi: nilimpenda. Nilimpenda mtu ambaye sikujua kama ana kipara au meno. Kokila alinitania kwamba labda ana kitambi kama robota, nikamwambia marobota nayajua kuyabeba. Lakini usiku, mama mkwe wangu akiwa anakoroma upande wa pili wa chumba, nilikuwa najiuliza swali moja. Huyu mtu ananitamani mimi, au anatamani Kitamil? Angepata dereva yeyote wa lori kutoka kwetu akampigia soga la mvua na maziwa ya mbegu, si ingekuwa yale yale? Swali hilo lilinichoma, na sikuwa na mashine ya kulipimia.

Basi mwezi wa kwanza, mara baada ya sikukuu ya mavuno, Bwana Rangasamy akaniita mezani kwake.

"Hawa Yavatmal," alisema. "Mimi napanga marobota yapi yachanganywe na yapi kwa kutegemea namba zao kabla mzigo haujafika. Unafika, unapima, napangua upya. Nimechoka. Kuna kiwanda kingine cha kuchambua jirani na hapa kinataka biashara. Shehena moja tu tena itofautiane, nawaacha. Mwambie huyo mtu wako."

"Si mtu wangu, bwana."

"Mpimaji mwenzako. Mwambie." Akanipa ufunguo bila kuniuliza chochote, maana namba za siku hiyo zilikuwa zimetofautiana tayari.

Nilirudi kwenye meza yangu lakini sikupiga mara moja. Nilifikiri kama mpimaji, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mapema kama akili yangu isingekuwa kwenye asumini. Wembamba wake ulilingana na wangu. Weupe ulilingana, takataka zililingana. Urefu ulizidi kidogo, nguvu ilizidi sana, na daima kwake ndiko kulikozidi, hata siku moja haikupungua. Mashine mbovu huenda huku na huku kama mlevi. Hii haikuwa mashine mbovu.

Nikapiga.

"Nimesimama, sema."

"Bwana Muthu, pamba yako unailaza?"

Mashine ya kushindilia ilinguruma nyuma yake.

"Nakuuliza. Chumba unacho?"

"Ninacho. Kizuri."

"Trei za waya?"

"Zipo. Nimezipaka rangi mwaka jana."

"Na unaitandaza, inalala mpaka kesho yake?"

"Hapana," alisema. "Naichukua ikitoka kwenye mvuke, kabla haijashindiliwa. Naipima ikiwa mbichi."

"Wewe! Umesomea Kovai! Hata Kokila, aliyeingia juzi, anajua. Umenifanya nibishane na wewe misimu miwili kama mwendawazimu, natengeneza mashine yangu, nabadilisha vitana, naitwa mezani kwa bosi. Kwa nini?"

"Shehena ya kwanza nilikuwa na haraka tu, Bi Deivanai. Ukapiga. Shehena ya pili nikailaza kama inavyotakiwa, namba zikalingana. Hukupiga. Ya tatu sikuilaza."

Nilikaa. Kokila alikuwa ananitazama, nikampa mgongo. Nilitaka kumtukana, na nilitaka kulia.

"Pumbavu wewe," nilisema polepole. "Bosi anawaacha. Shehena moja tu tena itofautiane, mkataba umekwisha. Hapo sasa ndipo hutanisikia kabisa, wala kwa ugomvi."

"Basi niilaze."

"Uilaze."

"Na nikiilaza?"

Nilimwambia, "Ilaze vizuri, Muthu, usiibane kwenye trei," kama mtu anayemwagiza mwenzake afunike mtoto, nikakata, nikamrudishia Bwana Rangasamy ufunguo wake.

Aliilaza. Shehena iliyofuata niliipima, namba zikatoka, zimelingana kama mapacha. Iliyofuata hivyo hivyo. Nyingine, nyingine. Bwana Rangasamy akapita nyuma yangu akiimba puani. "Ulimwambia nini yule mtu? Umemtengeneza!" Siku ile alituletea vitumbua vya dengu, akanipa mimi viwili.

Nilivila. Havikuwa na ladha.

Sikujua kabla ya hapo kwamba masikio yanaweza kuwa na njaa. Honi ya saa tisa na nusu ililia, nikajikuta nimeshika mlango. Kifuko cha sampuli za Yavatmal kikija, nilikifungua mwenyewe, sikumwachia Kokila, nikaweka uso wangu mdomoni mwa kifuko kabla pamba haijapoteza hewa ya kule. Ilinukia vumbi, moshi wa samadi, na kitu kitamu kidogo ambacho huenda kilikuwa sukari guru au huenda nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa. Kisha naitandaza kwenye trei. Asubuhi inanukia kama chumba chetu, yaani hainukii kitu.

"Kimya kingi kina mshindo mkubwa, akka," Kokila alisema.

"Kimya kingi kina kazi nyingi. Leta trei."

"Mpigie."

"Nimpigie niseme nini? Habari yako, nguvu ni sawa, urefu ni sawa, kwaheri?"

Nilisema kwa mzaha lakini ndiyo iliyokuwa shida yangu yote. Nikipiga na namba mkononi, mimi ni mpimaji. Nikipiga bila namba, mimi ni mjane wa Kovai anayemtafuta mwanamume wa watu umbali wa siku mbili za treni. Yeye hana ruhusa ya kunipigia. Kwa hiyo kama kuna wa kuuvunja ukimya ule ni mimi, na kama aliyetamaniwa ni Kitamil tu wala si mimi, nitajua hapo hapo, kwa sauti yake, na sitaweza kujidanganya tena.

Hata mama mkwe wangu aliona. Ni kikongwe asiyetoka barazani, lakini haimpiti hata nzi. Jioni moja nilikuwa namwekea wali na maziwa mgando, akanishika kifundo cha mkono.

"Siku hizi humtukani yule mtu wa kaskazini. Kila nikila nilikuwa nasikia yule mpumbavu wa Yavatmal hivi, yule mpumbavu wa Yavatmal vile. Amekufa?"

"Hajafa, Mama. Ameanza kufanya kazi yake vizuri."

"Loo," alisema, akalamba kidole. "Bahati mbaya."

Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Yeye hakucheka. Aliendelea kula, kisha akasema bila kunitazama, "Mwanangu nilimzaa mimi, na nilimlia mimi. Sikumbuki kukuambia wewe ufe naye. Mficha uchi hazai, Deivanai." Nikaosha vyombo kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Mwezi wa nne ikaja shehena ya mwisho ya msimu. Baada ya hapo kiwanda cha Yavatmal huzima mashine mpaka pamba mpya, na wafanyakazi hutawanyika. Lori lilinyeshewa njiani na zile mvua fupi za kuivisha maembe. Nilipofungua kifuko nilihisi kwa vidole tu: pamba ilikuwa imelewa maji ya hewa.

Kokila alikuwa amekwenda kunywa chai. Nilisimama na kishada kile mkononi. Trei ilikuwa kulia, mashine kushoto. Nikageukia kushoto.

Meno yakakishika, kikachanwa, taa ikapita, taya zikavuta. Namba ikatoka, nayo ilizidi ya Muthu kwa mbali. Zimetofautiana. Nilichotakiwa ni kutembea hatua chache mpaka kwa Bwana Rangasamy na kulisema neno hilo, si uongo, mashine yenyewe imesema. Angenipa ufunguo. Ningeisikia "nimesimama, sema" siku hiyo hiyo. Na kesho yake mkataba ungekufa, na mtu aliyelaza pamba yake msimu mzima kwa sababu niliomba mimi angelaumiwa kwa kosa langu.

Niliifuta namba. Nikatandaza pamba yote kwenye trei, nyembamba, bila kuibana, nikakaa kwenye kiti changu na kulia kidogo, kwa sababu nilikuwa peke yangu na hakukuwa na haja ya kuzuia.

Asubuhi niliipima upya mbele ya Kokila. Zimelingana.

Nikaenda mezani kwa Bwana Rangasamy. "Naomba ufunguo."

"Zimetofautiana?"

"Zimelingana, bwana. Zote."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi ufunguo wa nini?"

"Wa simu."

"Deivanai, zikilingana hakuna la kusema."

"Ndiyo, bwana," nilisema, nikarudi kazini, nikamaliza zamu yangu.

Honi ilipolia nilitoka getini na wengine. Muuza maua akainamisha kichwa kikapuni, nikampita. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha simu cha Arumugam, binamu wa mama mkwe wangu, mtu ambaye ukikohoa kwake saa kumi, mtaa wote unakuletea dawa saa kumi na moja. Nilikuwa nimepita mbele ya kibanda kile msimu mzima nikitazama pembeni.

"Yavatmal?" alisema nilipomtajia namba, ambayo sikuhitaji kuisoma popote. "Una nani Yavatmal?"

"Mtu," nilisema.

Mlio ukaanza. Akapokea yule wa siku zote, nikasema, "Madrasi," naye akapiga ukelele wake. Mashine ya kushindilia ilikuwa inanguruma. Nikasikia viatu, vinakimbia.

"Nimesimama, sema!" Muthu alikuwa anahema. "Ipi imetofautiana? Naapa nimeilaza yote, hata hii ya mwisho, mvua imenyesha huku, nikailaza siku mbili."

"Hazijatofautiana."

"Nguvu?"

"Sawa."

"Urefu? Weupe?"

"Sawa zote, Muthu."

"Basi Bwana Rangasamy anataka nini?"

"Hajui. Niko kwenye kibanda cha barabarani." Arumugam alikuwa ameacha kukunja gazeti lake, nikamwacha asikie. "Hakuna shida yoyote ya pamba. Nimepiga mimi."

Hakujibu. Mita ya simu ukutani ikawa inakula, tiki, tiki. Nikasema moyoni basi, nimeshajua, nikate. Ndipo nikamsikia akipaza sauti kwa Kimarathi, kwa mtu aliyekuwa karibu naye, na ile mashine ya kushindilia, ambayo nilikuwa nimeisikia nyuma ya sauti yake tangu siku ya kwanza, ikazimwa.

"Deivanai," alisema, bila Bi. "Subiri hapo hapo, usikate. Nivute kiti."